Umeunda kompyuta mwenyewe na haiwaki? Anza na unachokiona

"Haiwaki." Neno hilo moja hutumiwa na watu wenye shida tano tofauti kabisa. Kuna anayebonyeza kitufe na hakuna kinachotikisika. Kuna ambaye feni zake hushtuka nusu sekunde na kunyamaza. Wa tatu kila kitu kinazunguka na kung'aa, ila skrini ni nyeusi tii. Wa nne anapata maandishi ya mwanzo, kisha kompyuta inalalamika kwamba haioni diski. Na wa tano yake ilikuwa inawaka vizuri hadi jana.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, simama mbele ya kompyuta, bonyeza kitufe mara moja, tazama, sikiliza. Feni zilizunguka? Kwa muda gani? Kuna taa iliyobaki inawaka kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia uanzie sehemu gani hapa chini.

Kompyuta mpya iliyoundwa nyumbani ikigoma, kosa mara nyingi liko kwenye kuunganisha, si kwenye kifaa kibovu. Plagi haijazama, RAM (kijiti cha kumbukumbu) imeingia upande mmoja, waya umesahaulika. Usikimbilie kununua mazabodi nyingine. Tena badilisha kitu kimoja tu kila unapojaribu. Ukigusa vitatu kwa pamoja halafu ikawaka, hutajua kilichokuwa kinaizuia, na ikigoma tena wiki ijayo utaanza sifuri.

## Kabla ya kuingiza mkono ndani

Zima swichi iliyo nyuma ya pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani), chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 10 ili umeme uliobaki kwenye saketi uishe. Gusa chuma tupu cha keisi (kasha la kompyuta) kabla ya kugusa kipande chochote, maana umeme tuli wa mwilini huua vifaa bila hata kukupa cheche ya kuonekana. Usichomoe wala kuchomeka RAM au kadi wakati waya bado uko ukutani na swichi ya nyuma imewashwa. Hata kompyuta ikiwa imezimwa, pawa saplai hupeleka volti 5 za kusubiri kwenye mazabodi muda wote.

Simama hapo hapo ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi au cheche, ukigusa keisi ikakupiga shoti, au kikata umeme cha nyumba kikiruka kila unapochomeka. Chomoa, na usijaribu "mara moja tu ya mwisho". Na pawa saplai yenyewe haifunguliwi kwa sababu yoyote. Ndani yake kuna kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi wa vifaa vya umeme, na hata yeye mara nyingi atakushauri ununue nyingine.

## Ukibonyeza hakuna chochote: hakuna feni, hakuna sauti

Anza ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye tundu lile lile, tena ukitumia kebo ya upanuzi ile ile. Kisha tazama swichi ya nyuma: upande wenye mstari ni kuwasha, upande wenye duara ni kuzima. Inachekesha ukisikia, lakini watu hufungua kompyuta nzima kabla ya kuitazama swichi hiyo. Pawa saplai za zamani huwa pia na kijiswichi chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Lazima kilingane na umeme wa mahali ulipo. Ukikiweka 115 palipo na umeme wa 230, utasikia mlipuko mara moja na habari imekwisha.

Umeme ukiwa upo, mshukiwa anayefuata ni waya mwembamba wa kitufe cha mbele. Una plagi ndogo ya pini mbili inayokaa kwenye kundi la pini kwenye kona ya chini ya mazabodi, na kukosea pini moja kunatosha. Fungua kitabu cha mazabodi, usikisie. Waya wa kitufe hauna mbele wala nyuma, ukiugeuza ni sawa. Nyaya za taa ndizo zenye chanya na hasi. Kujaribu ni rahisi: chomoa plagi hiyo, washa swichi ya nyuma, kisha gusisha pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi bapa kwa muda wa sekunde moja. Ikiwaka, mazabodi ni nzima, ugonjwa uko kwenye kitufe au waya wake. Wakati ukisubiri kitufe kingine, chukua waya wa kitufe cha kuanzisha upya uuchomeke mahali pa kile cha kuwashia. Utafanya kazi vilevile.

Bado kimya? Kagua plagi kubwa ya pini 24. Ni ngumu kuingia na wengi huogopa kuisukuma, wanaiacha imebakiza milimita mbili. Shikilia ubao kwa nyuma usipinde, sukuma hadi kishikizo cha pembeni kikamate. Na usidanganyike na taa zinazong'aa kwenye mazabodi kabla hujawasha. Zinathibitisha ule umeme wa kusubiri tu. Pawa saplai inaweza kutoa volti 5 hizo vizuri kabisa huku upande wa volti 12 ukiwa umekufa.

Kuipima pawa saplai peke yake kunahitaji utulivu. Chomoa ukutani, ondoa plagi zake zote kwenye kompyuta, kisha unganisha waya wa kijani wa plagi ya pini 24 na waya wowote mweusi wa plagi hiyo kwa kipande cha klipu ya karatasi. Funga feni moja ya keisi kwenye pawa saplai iwe mzigo, kwa sababu baadhi ya pawa saplai hazizungushi feni yao zikiwa hazina kazi nzito. Ndipo uchomeke ukutani na kuwasha swichi. Ukiwa na mita, waya wa manjano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Kumbuka kufaulu hapa si cheti cha uzima, maana inaweza kufaulu bila mzigo na kuanguka ikipewa kazi. Ikiwa nyaya zote za pawa saplai yako ni nyeusi na huna uhakika wa kuhesabu pini, usibahatishe. Azima pawa saplai nyingine inayojulikana ni nzima.

Ukiazima, azima pamoja na nyaya zake. Pawa saplai zenye nyaya za kuchomoka hazifuati mpangilio mmoja upande wa kwenye pawa saplai, hata kama plagi inaingia sawasawa. Waya wa kampuni moja kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali palipotakiwa 5, na diski zako zote zikafa kwa pamoja.

## Feni zinashtuka na kuzima, au inawaka na kuzima kila mara

Hapa mara nyingi pawa saplai inajikinga. Imeona umeme unapita mahali usipotakiwa, yaani shoti, ikakata. Sababu inayojitokeza zaidi ni vile vinguzo vya shaba vinavyotenganisha mazabodi na bati la keisi. Kikiwepo kimoja mahali pasipo na tundu la skrubu, kinagusa saketi za mgongoni mwa ubao. Nyingine ni skrubu iliyodondoka ikajificha nyuma, au ulimi mmoja wa bati la matundu ya nyuma uliopinda ukaingia ndani ya tundu la USB. Mimi niliwahi kupoteza jioni nzima nikiilaumu pawa saplai, na nilipoutoa ubao, skrubu ikaanguka mezani yenyewe. Tangu siku hiyo nahesabu skrubu kabla ya kufunga keisi.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni kuitoa mazabodi nje ya keisi. Ilaze juu ya kasha la karatasi ngumu iliyokujia nalo. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kung'aa wa kuzuia umeme tuli, kwani mifuko mingine hupitisha umeme upande wa nje. Bakiza prosesa (ubongo wa kompyuta) na kipoozaji chake, RAM moja, plagi ya pini 24, plagi ya prosesa, basi. Hakuna diski, hakuna kadi ya picha kama prosesa ina uwezo wa kutoa picha yenyewe, hakuna waya wa keisi. Washa kwa bisibisi kama nilivyoeleza. Ikiwaka na kutulia, tatizo liko kwenye keisi au kwenye kimojawapo cha ulivyoviondoa. Virudishe kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa kila mara, hadi utakapomkuta mkorofi.

Ikiwa inawaka sekunde kadhaa au dakika moja mbili kisha inazima, fikiria joto. Je, ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kipoozaji uliitoa? Wengi huisahau. Kipoozaji kimekaa sawa pembe zote, na feni yake imechomekwa palipoandikwa CPU_FAN? Prosesa hujizima yenyewe ikifika karibu na nyuzi 100, na bila kipoozaji kilichogusa vizuri haichukui muda kufika huko. Wenye nguvu za mikono nao wana lao: skrubu za kipoozaji zikikazwa upande mmoja kupita kiasi, prosesa inaelemea upande na baadhi ya pini haziigusi. Zilegeze zote, kisha zikaze kwa zamu, pembe inayotazamana na pembe.

## Kila kitu kinazunguka, skrini nyeusi

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na ndilo lenye sababu nyingi. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Subiri kwanza. Mazabodi za DDR5 (aina mpya ya RAM iliyofuata DDR4), zikiwaka kwa mara ya kwanza, huchukua muda kuzoeana na RAM. Inaweza kuwa dakika kadhaa za giza tupu, na nyingine hujizima na kujiwasha katikati. Mimi huipa robo saa nikafanye jambo lingine. Mwenye haraka hukata umeme dakika ya pili, anawasha, anakata tena, na kila mara anairudisha mwanzo.

Waya wa skrini. Kama una kadi ya picha, waya unachomekwa kwenye kadi, si kwenye matundu ya mazabodi yaliyo juu yake. Kama huna kadi, hakikisha prosesa yako ina uwezo wa kutoa picha. Za Intel ambazo jina linaishia na F hazina. Ryzen nyingi za familia ya 5000 zisizo na G hazina pia. Hapo hakuna kilichoharibika, unakosa kadi tu. Kagua pia kwamba skrini yenyewe imechaguliwa tundu sahihi kwenye menyu yake.

RAM. Chomoa zote, rudisha moja tu kwenye sloti (tundu refu la RAM) ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Zikiwa mbili, mazabodi nyingi za sloti nne huzitaka kwenye ya pili na ya nne. Sukuma hadi usikie mlio wa kishikizo. Kuna mazabodi zenye kishikizo upande mmoja tu, na huo upande usio na kishikizo ndio unaobaki umeinuka bila mtu kujua. Ikigoma, jaribu RAM ya pili peke yake, kisha sloti nyingine. RAM ikikataa kuingia, tazama pengo lake: ya DDR4 na ya DDR5 zina mapengo mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja sloti.

Plagi ya prosesa. Iko juu kushoto, ina pini 8, na hufichwa na kipoozaji. Bila hiyo feni zitazunguka na taa zitawaka lakini prosesa haina uhai. Usiichanganye na plagi ya kadi ya picha ambayo nayo ina pini 8: ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Ukihisi inataka nguvu nyingi, huenda umeshika siyo.

Kadi ya picha. Itoe, irudishe mpaka kishikizo cha sloti kilie, chomeka plagi zake zote za umeme. Kadi mpya zenye plagi moja ya pini 16 zinataka plagi izame kabisa bila kuonyesha ufa. Ikibaki nusu, zimewahi kuyeyuka.

Ukifika hapa bila picha, tafuta taa nne ndogo pembeni mwa mazabodi zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Si kila mazabodi inazo, lakini ikiwa nazo zitakuokolea saa nzima. Zinawaka kwa zamu wakati kompyuta inajikagua, na ile inayobaki imewaka ndiyo inayoonyesha mahali ilipokwama. DRAM inakurudisha kwenye RAM, VGA kwenye kadi na skrini. Hata hivyo ipokee kama dokezo, si hukumu. Prosesa isiyokaa vizuri inaweza kuwasha taa ya DRAM, kwa sababu njia za RAM zinapita kwenye prosesa.

Kisha futa mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi. Chomoa ukutani, toa betri ya mviringo ya CR2032 kwa dakika tano, irudishe. Au tumia pini mbili za kufutia zilizoonyeshwa kwenye kitabu.

Ikiwa taa ya CPU, yaani ya prosesa, haizimiki, uliza umri wa BIOS yako. Mazabodi inaweza kuikubali prosesa kwa soketi lakini isiitambue kwa programu. Mfano unaojulikana ni mazabodi za B450 zilizotoka kabla ya Ryzen 5000: prosesa inaingia bila shida, ila bila BIOS mpya hakuna picha. Mazabodi nyingi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila hata prosesa kuwepo. Flashi iwe imefomatiwa FAT32, faili lipewe jina kama kitabu kinavyosema, na umeme usikatike katikati. Kama hukatika mara kwa mara huko uliko, fanya kazi hii siku umeme ukiwa umetulia au ukiwa na kifaa cha umeme wa akiba, kwa sababu BIOS iliyoandikwa nusu inaweza kuua mazabodi.

Kuitoa prosesa kuwe jambo la mwisho kabisa. Za AM4 zina pini 1331 kwenye prosesa yenyewe. Za AM5 na za Intel za sasa zina pini kwenye soketi, nyembamba kama unywele. Kwenye AM4, zungusha kipoozaji kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua, la sivyo kitang'oka na prosesa yake. Tazama pini kwa tochi na kamera ya simu. Safu zikiwa zimenyooka, sawa. Pini moja ya soketi ikilala, usiinyooshe kwa sindano kwa sababu tu umeona mtu akifanya. Mpe fundi mwenye darubini.

## Picha ipo, lakini haiingii ndani

Furahi, ngumu imepita. Ikisema haioni kifaa cha kuanzia na diski ni mpya, haijakosea: diski tupu haina mfumo, weka kwanza flashi ya kusakinishia. Kama mfumo ulishawekwa, chomoa flashi zote, kisha ingia BIOS uone kama diski inaorodheshwa. Isipoonekana, zile za SATA (za kuunganishwa kwa nyaya) zina nyaya mbili na wengi huchomeka mmoja. Za M.2 (vibamba vidogo vinavyokaa juu ya mazabodi yenyewe) zinaingia zimeinama kisha zinabanwa na skrubu. Soma pia kitabu, maana kuna mazabodi ambapo kujaza sloti fulani ya M.2 kunazima matundu mawili ya SATA, na sloti nyingine hukubali NVMe (aina ya diski ya kasi) pekee. Diski iliyohamishwa kutoka kompyuta ya zamani inaweza kuonekana na bado isianze, kwa kuwa iliandaliwa kwa mtindo wa kabla ya UEFI, yaani BIOS ya kisasa.

## Ilikuwa inawaka jana

Swali ni moja: nini kimebadilika? Kama uliwasha kasi ya juu ya RAM, yaani XMP au EXPO, futa mipangilio ya BIOS. Kama ulihamisha kompyuta, sukuma upya kadi na RAM, kwani kadi nzito hulegea njiani. Saa ikirudi nyuma kila siku na mipangilio ikisahaulika, badilisha betri ya CR2032. Kama umeme ulikatika au uliruka usiku, anza na pawa saplai.

## Wakati wa kumwita fundi

Ukishafika kwenye kompyuta iliyobakizwa prosesa, RAM moja na pawa saplai ya kuazima, nje ya keisi, na bado haitoi dalili, umefanya yote yanayofanyika bila vipuri vya kubadilishia. Vivyo hivyo ukiona alama nyeusi ya kuungua kwenye ubao, kapasita iliyovimba, au pini iliyolala. Kama vifaa bado viko ndani ya dhamana, usichokonoe wala kubandua stika yoyote; rudisha ulikonunua.

Mpelekee fundi mazabodi, prosesa, RAM na pawa saplai pamoja na nyaya zake, si kipande kimoja. Na umpe karatasi: taa ipi hubaki imewaka, feni huzunguka kwa muda gani, RAM ipi ilijaribiwa kwenye sloti ipi, toleo la BIOS kama unalijua.